Pini ya Mkiani

Siku ambayo watu wanakwenda kwenu kukuposa, mahali pako si karakana ya ndege, juu ya ngazi, ndani ya ovaroli. Lenzi alilijua hilo, na tangu saa moja asubuhi wenzake walikuwa wakimkumbusha, kila mmoja kwa utani wake. Mmoja alimuuliza kama bwana harusi atazawadiwa sanduku la spana. Mwingine alimshauri ajipake grisi kidogo nyuma ya masikio ili wakwe wamzoee mapema. Alicheka nao, akafunga nywele kwa kitambaa, akaendelea na kazi, maana angekaa bure angebaki kuhesabu dakika.

Mpango ulikuwa umepangwa ukapangika. Saa mbili na nusu ndege ndogo ya abiria kumi na tisa ingeruka kuelekea mji aliozaliwa Lenzi, safari ya dakika hamsini. Ambaye angeiendesha ni mchumba wake, ambaye pale kazini kila mtu alimwita Rubani, kana kwamba marubani wengine walikuwa wameazimwa tu. Nyuma yake wangekaa mama yake, shangazi yake, na mjomba wake aliyechaguliwa kuwa msemaji, ambaye kwa wiki nzima alikuwa akiifanyia hotuba yake mazoezi bafuni. Saa nne kamili wangebisha hodi kwa baba yake Lenzi.

Hiyo saa nne kamili ndiyo iliyokuwa na kazi. Baba yake Lenzi alikuwa fundi saa. Miaka arobaini ameishi kati ya saa za ukutani zinazokubaliana mpaka sekunde, na hajawahi kusogeza mshale kumpendeza mtu. Lenzi alipokuwa mdogo alimwomba siku moja airudishe nyuma saa ya sebuleni dakika tano tu ili asionekane kachelewa shule, na baba alimtazama kama aliyemwomba amtukane jirani. Mzee huyu alikuwa amekataa kuwapokea wakwe mara tatu. Alisema mtu anayeshinda angani hana anwani, na binti yake wa pekee hatamkabidhi kwa mtu asiye na anwani. Mara ya nne alichoka kuombwa. "Waje Jumamosi, saa nne," alisema. "Saa nne si saa nne na robo. Wakichelewa nitajua hawakukusudia, na jina la huyo kijana lisitajwe tena humu ndani."

Lenzi mwenyewe alitakiwa awe kwao tangu jana, amejibanza chumbani akisikilizia mlangoni kama mabinti wote. Lakini juzi ulikuja waraka, na mafundi wote wakazuiwa.

Waraka wa namna ile hauji na tafadhali. Ulitoka kwa watengenezaji wa ndege ukiwa na muhuri wa mamlaka, nao ulihusu pini za mkiani. Pini ya mkiani ni kipande cha chuma kinene kama kidole gumba, kinachounganisha fimbo ya usukani na kile kibao cha mkia kinachoinua na kushusha pua ya ndege. Pini ikikatika angani, rubani atavuta usukani na ndege haitamsikia. Watengenezaji walikuwa wamegundua kwamba pini za fungu moja zilichomwa vibaya kiwandani, zikawa dhaifu kuliko zinavyoonekana. Kila pini yenye namba iliyomo kwenye orodha lazima itolewe na kuwekwa nyingine kabla ndege haijaruka tena.

Basi Ijumaa nzima walipekua kadi. Ndege mbili zilikutwa na pini za orodha ile, wakazibadilisha. Ndege ya saa mbili na nusu ilikuwa salama: kadi yake ilionyesha pini namba 0416, na orodha iliishia 0412. Chini ya kadi kulikuwa na sahihi nzuri ya mviringo, ya miaka miwili iliyopita. Sahihi ya Lenzi.

Saa mbili kasorobo alikwenda stoo kurudisha bisibisi. Mtunza stoo alikuwa akibandika vibandiko vyekundu kwenye maboksi madogo ya pini zilizokatazwa, ili zirudishwe kiwandani zikaharibiwe. Lenzi aliweka bisibisi mezani, akawa anageuka kuondoka, jicho lake likadondokea boksi moja. Namba 0398. Kwenye kifuniko chake palikuwa na alama ya dole gumba, ya grisi iliyokauka.

Akasimama pale pale. Lile dole, lenye mstari wa kovu katikati, alilijua, kwa sababu lilikuwa lake.

Karakanani kuna kosa moja ambalo mafundi hutaniana nalo mpaka linauma. Sheria inasema namba ya kifaa isomwe kwenye chuma chenyewe, ilipochongwa, hata kama ni ndogo kama mayai ya chawa. Mvivu huisoma kwenye boksi. Mtu akikosea njia, akimwaga chai, akimwita mtu jina la mwingine, watamwambia, "Umesoma boksi wewe." Lenzi hakuwahi kusoma boksi maishani mwake. Alikuwa na ile lenzi ndogo ya jichoni aliyopewa na baba yake siku alipopata leseni, na ndiyo iliyompa jina. Hakuwahi, isipokuwa labda mara moja.

Siku ile, miaka miwili nyuma, maboksi yalikuwa mawili mezani. Alizitoa pini zote mbili ili azifute mafuta ya kiwandani na kuchagua moja. Akiwa nazo mkononi ikasikika sauti nyuma yake ikiuliza ofisi ya marubani iko wapi. Aligeuka. Mbele yake alisimama kijana mrefu, mpya, shati jeupe limenyooshwa mpaka linatisha, na macho yanayocheka kabla ya mdomo. Lenzi alinyoosha kidole kumwonyesha njia, na njia aliyomwonyesha ilikuwa ya stoo ya rangi. Kijana akaenda, akarudi na doa la bluu kwenye kiatu, wakacheka wote wawili. Kisha Lenzi akafunga pini, akaandika namba, akaweka sahihi. Kuhusu pini alikumbuka mengi. Kuhusu kuichungulia kwa lenzi hakukumbuka chochote.

"Nifungulie hilo," alimwambia mtunza stoo.

Akaweka lenzi jichoni, akaigeuza pini chini ya taa. Boksi lilisema 0398. Chuma kilisema 0416.

Kwa hiyo pini nzima, iliyoandikwa kwenye kadi, ilikuwa mkononi mwake, na ile mbovu ilikuwa mkiani. Ilikuwa imebeba watu huko juu kwa miaka miwili, na baada ya dakika arobaini na tano ingembeba mwanamume anayempenda pamoja na mama mkwe wake.

Nisiwadanganye, shetani alimpitia. Ndege imeruka nayo siku zote hizo, alimwambia. Safari moja ya dakika hamsini itaongeza nini? Waache wafike, baba akubali, kesho uibadilishe kimya kimya. Boksi hili linaondoka na kibandiko chake chekundu, na hakuna kiumbe duniani atakayejua. Lenzi alimsikiliza kwa muda wa kumeza mate mara moja. Halafu akatoka stoo akikimbia, na karakanani hakuna mtu anayekimbia, hata mafundi wakaacha utani wakamtazama.

Mkaguzi Mkuu alikuwa ofisini, miwani ikining'inia kifuani kwa kamba, kikombe cha chai mkononi. Mzee huyu hakuwa na desturi ya kupaza sauti. Kadiri jambo lilivyokuwa kubwa ndivyo alivyonong'ona.

"Mzee, ndege ya saa mbili na nusu isiruke."

Akaweka kikombe chini. "Kwa nini?"

"Pini ya mkiani imo kwenye orodha. Kadi inasema haimo, lakini kadi niliandika mimi." Alisikia aibu ikimpanda usoni. "Nilisoma boksi."

Mzee akavaa miwani yake. "Unajua leo inambeba nani?"

"Najua."

"Na unajua huko wanakokwenda."

"Najua, mzee."

Hakuuliza tena. Alinyanyua simu akazungumza na watu wa mnara maneno mawili, akashusha. Kisha akamweleza taratibu yatakayofuata. Jumatatu ataandika ripoti, na yeye Mkaguzi ataandika yake, na mpaka zisomwe Lenzi hataweka sahihi kwenye karatasi yoyote. Lakini mikono yake bado anaiamini, kwa hiyo pini ataifunga yeye. Wengine wawili watakagua, na kalamu itakuwa ya Mkaguzi. "Na ile sheria yetu ipo pale pale," alimalizia. Lenzi aliitikia bila kufikiri. Sheria hiyo ilibandikwa mlangoni tangu hajaajiriwa: aliyefunga kifaa cha usukani hupanda safari ya kwanza.

Rubani alikuwa tayari chini ya ndege, kofia kwapani, anawaelekeza abiria wa kwanza. Alipomwona Lenzi anakuja mbio alitabasamu, akidhani amekuja kumuaga. Lenzi akamvuta pembeni, akamwambia.

Tabasamu lilimtoka polepole. "Leo?" alisema. "Siku zote hizo, leo?"

"Waraka unasema kabla ya safari inayofuata. Inayofuata ndiyo hii."

"Waraka naujua. Nauliza kwa nini hukuniambia jana. Jana ningewapandisha basi, wangelala njiani, wangefika." Sauti yake ilikuwa ya chini, na Lenzi alitamani angefoka. "Unajua nimembembeleza mama yangu kwa miezi mingapi? Anaogopa ndege kuliko kifo. Leo amepanda ngazi ile kwa miguu yake mwenyewe, kwa ajili yako."

"Jana sikujua."

"Miaka miwili hukujua?"

Hapo Lenzi akakosa pa kujificha. "Nilikuwa nafunga pini hiyo siku uliyokuja kuniuliza ofisi ya marubani," alisema. "Nilikutazama wewe. Sikutazama chuma."

Kwa msichana mwingine na siku nyingine, maneno hayo yangekuwa zawadi. Rubani akavaa kofia yake, akapanda ngazi kwenda kumteremsha mama yake. Lenzi aliutazama mgongo wake ukiingia mlangoni, akahisi kitu ndani yake kinalegea kama nati iliyokosa waya wake.

Simu aliyoichelea zaidi aliipiga kutoka ofisi ya kadi. Baba yake aliipokea kwenye mlio wa kwanza. Nyuma yake zilisikika saa, tiki tiki nyingi zinazokwenda kama moja.

"Baba, hawatafika saa nne."

Tiki, tiki. Lenzi hakupamba. Alimweleza waraka, boksi, dole la grisi, na kosa. Alitaja hata macho yanayocheka, maana alishaamua kwamba leo hakuna cha kuficha.

"Nani aligundua?" aliuliza mzee.

"Mimi."

"Ile lenzi unayo?"

"Ninayo mfukoni."

"Wakati mwingine iwe jichoni. Maliza kazi yako, na usiikimbize." Akakata simu. Hakusema waje, hakusema wasije. Lenzi alibaki ameshika simu inayolia tuu, tuu, akijaribu kuyapima maneno hayo, na yakakataa kupimika.

Walikuwa wameshaivuta ndege ndani ya karakana na kuvua vifuniko vya mkia aliposikia kelele mlangoni. Mjomba alikuwa mbele, suti imembana, hotuba imemkwama shingoni. Alikuwa akieleza kila aliyemkuta kwamba yeye si mtoto, ameelewa vizuri, msichana amewakataa na ametumia njia ya kitaalamu. Nyuma yake alikuja mama yake Rubani.

Huyu mama alikuwa mkunga mstaafu, mfupi, mnene kiasi, amevaa vizuri kama mtu aendaye kuposa. Tangu mwanzo hakumtaka Lenzi. Hakuwahi kumtukana, alisema tu, kila alipoulizwa, kwamba mikono ile imezoea vyuma, itamshika vipi mjukuu. Sasa alitembea moja kwa moja hadi kwenye mstari wa njano ambao wageni hawauvuki, akasimama vidole vya miguu vikigusa rangi.

"Shikamoo, mama," Lenzi alisema kutoka juu ya ngazi.

"Marahaba. Shuka nikuulize."

Lenzi akashuka, akajifuta mikono.

"Kaka yangu anasema umetukataa. Nataka nisikie kwako."

"Sijawakataa, mama. Kuna kifaa nilikiweka mimi, na si kile nilichoandika. Siwezi kuwaacha mpande juu yake."

"Kitachukua muda gani?"

"Mpaka kiishe vizuri."

Mama akamtazama machoni, kisha mikononi. Akageuka akaomba kiti. Mjomba alimsihi warudi nyumbani, akamjibu kwamba arudi yeye. Akaletewa kiti cha plastiki, akakiweka sawasawa na mstari wa njano, akaketi, mkoba juu ya magoti. Hakuinuka kwa saa nne.

Kazi ya pini haina haraka. Kabla ya yote Mkaguzi aliisoma ile 0416 kwenye chuma, akailinganisha na cheti cha kiwanda, akampa fundi wa pili naye aisome. Kisha ukatolewa waya wa kufungia, nati, fimbo ikashikiliwa kwa mkono isidondoke. Pini ya zamani ilitoka kwa kugongwa taratibu kwa nyundo ya mbao, ikateleza kwenye kiganja cha Lenzi ikiwa na joto. Akaiosha, akaweka lenzi jichoni. 0398. Alikuwa ameshajua, lakini aliisoma mara ya pili hata hivyo. Wakaipaka dawa nyekundu inayoonyesha nyufa, wakasubiri, wakaifuta, wakamulika. Mafundi wote wakasogea karibu.

"Haionyeshi ufa," alisema Mkaguzi.

Lenzi akawafikiria abiria. Miaka miwili ya watu, wenye mabegi na watoto mapajani, wote walishuka salama. Aliegemea ngazi, na kwa mara ya kwanza siku hiyo machozi yakamtoka, ya mtu aliyetua mzigo.

Mjomba aliyasikia yale maneno kwa namna yake. "Kumbe ilikuwa nzima," alisema kwa sauti ya kutaka mashahidi. "Kumbe tungeruka tukafika. Tumeharibiwa siku kwa kitu kizima."

"Kaka, nyamaza," alisema mama.

Mjomba akanyamaza, kwa mshangao zaidi kuliko kwa utii. Mama alikuwa amesimama. Alimwita Lenzi kwa kidole, na Lenzi akasogea mpaka kwenye mstari, mmoja huku, mwingine kule.

"Nimezalisha miaka thelathini na mbili," alisema mama. "Sijui ni mara ngapi nimegusa tumbo mkono wangu ukakataa kuridhika, nikamkimbiza mgonjwa kwa daktari, daktari akapima akasema hana kitu. Ndugu zake wananigeukia: umetupotezea siku, umetutia hofu bure. Nami hurudi nyumbani nimefurahi, nalala." Akauhamisha mkoba mkono wa pili. "Mara moja tu mkono ulikataa na mimi nikauambia ngoja. Ilikuwa siku ya harusi ya mdogo wangu, nilikuwa nimeshavaa. Mama na mtoto walipona, lakini si kwa sababu yangu. Hilo sijawahi kumwambia mtu, hata huyu kaka yangu anayeongea sana."

Lenzi akaitazama ile mikono ya mkunga.

"Wewe leo ulikuwa kama umeshavaa," mama aliendelea, "na bado uliusikiliza mkono wako. Nilisema mikono yako imezoea vyuma. Nimekaa hapa kwa muda wa saa nne naitazama. Nilikosea, mwanangu."

Ni hilo mwanangu lililommaliza Lenzi. Alivuka mstari wa njano, jambo ambalo kwa mafundi ni ruhusa, akaikumbatia ile nguo nzuri kwa ovaroli yenye grisi, na mama hakusogea nyuma hata inchi moja.

Saa nane pini mpya ilikuwa mahali pake, waya umesokotwa, wakaguzi wawili wametazama kila mmoja kwa macho yake, na Mkaguzi Mkuu ameweka sahihi. Lenzi alikuwa akihesabu spana zake moja moja kuzirudisha kwenye vishimo vyake aliposikia kile kiatu ambacho angekitambua kati ya viatu elfu.

Rubani alisimama kando ya ubao wa spana, kofia mikononi, anaizungusha. Alikuwa ameshawatuliza abiria, ameshawatafutia chakula, ameshakosa kisingizio kingine cha kutokuja.

"Nilikasirika," alisema.

"Nilikuona."

"Nilikasirika kwa sababu niliogopa. Nilifikiri, baba yako akifunga mlango leo, huyu nimemkosa. Hasira nikakumwagia wewe." Akaacha kuzungusha kofia. "Halafu nimekaa kule nikakumbuka kitu. Asubuhi ya siku ile, saa moja kamili, walinitembeza kiwanja kizima. Ofisi ya marubani niliijua. Nilikuwa nimeshaacha begi langu mle ndani."

Lenzi akageuka na spana mkononi. "Unasema?"

"Nilikuona pale mezani, nikatafuta swali. Hilo ndilo lililonijia."

"Na stoo ya rangi?"

"Nilijua si yenyewe. Uliponyoosha kidole nikaona heri niende, nipate sababu ya kurudi." Alimtazama, na yale macho yakaanza kucheka kabla ya mdomo, kama siku ya kwanza. "Kwa hiyo Jumatatu utakapoandika ripoti, nitaje na mimi. Kosa hili hukulifanya peke yako."

Lenzi alitaka kumkasirikia, haki yake ilikuwepo, lakini kicheko kilimtangulia. Alicheka mpaka akakaa juu ya sanduku la spana, na Rubani akachuchumaa mbele yake, akamshika mikono yote miwili na grisi yake. Mafundi wote waligundua ghafla kwamba wana shughuli upande wa pili wa karakana.

"Nakupenda, wewe mtu wa chuma," alisema Rubani hatimaye.

"Nami nakupenda. Nenda karushe ndege yako."

"Yetu," alisema. "Umesahau sheria ya mlangoni?"

Kweli alikuwa ameisahau. Aliyefunga hupanda. Lenzi akajitazama: ovaroli, viatu vya kazi, kitambaa kichwani. Alikwenda kumsihi Mkaguzi Mkuu kwamba leo haiwezekani, haijapata kuonekana duniani binti akaletwa nyumbani kwao na watu wanaokwenda kumposa. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, akanong'ona kwamba sheria ni sheria. Mama yake Rubani, aliyekuwa karibu, alisema yeye hapandi chombo kile bila aliyekifunga kukaa ubavuni mwake. Mambo yakaishia hapo.

Waliruka saa nane na nusu. Mama alimshika Lenzi mkono tangu magurudumu yalipoanza kuzunguka, na mara ndege ilipoinua pua alifungua jicho moja, akauliza kama hiyo ndiyo pini. Lenzi akamwambia ndiyo hiyo, inafanya kazi. Mama akafungua jicho la pili. Mpaka wanatua alikuwa akitazama mawingu kama mtu aliyecheleweshwa kuambiwa jambo zuri.

Lakini kadiri teksi ilivyokaribia mtaa wa kwao, ndivyo Lenzi alivyozidi kuyarudia kichwani maneno ya baba yake. Ilikuwa saa kumi na robo. Maliza kazi yako, usiikimbize. Hiyo inaweza kuwa karibuni, na inaweza kuwa kwaheri. Kwa mzee yule zote mbili zilitamkwa kwa sauti ileile.

Baba yake alikuwa amesimama mlangoni, koti la kijivu limefungwa vifungo vyote. Akautazama msafara: mjomba mbele, shangazi, mama, Rubani na sare yake, na katikati yao binti yake wa pekee mwenye doa la grisi kidevuni.

"Mmekuja kumwomba," aliuliza, "au mmekuja kumrudisha?"

Hotuba ya wiki nzima ikamtoka mjomba kichwani, yote, na salamu zake. Alimtazama dada yake kama anayeomba msaada.

"Tumekuja kumwomba," alisema mama. "Tumekuja naye ili usije ukasema tumesoma boksi."

Mdomo wa mzee ulitikisika upande mmoja. Akajitoa mlangoni, akawaonyesha ndani.

Lenzi aliingia wa mwisho, akasimama kizingitini. Saa zilikuwa pale pale ukutani, thelathini na kitu, kubwa na ndogo, mishale yake yote imekubaliana kama siku zote. Zilionyesha saa nne kasoro dakika tatu. Alimgeukia baba yake, ambaye alijifanya anatengeneza mto wa kiti. Zote. Amezisimamisha moja moja, amesogeza mshale mmoja mmoja, yeye aliyekataa dakika tano za mtoto wake mwenyewe.

"Karibuni, kaeni," alisema mzee bila kumtazama mtu. "Mmewahi."

Wakakaa. Rubani alikiona alichokiona Lenzi, na mkono wake ukautafuta wake chini ya kitambaa cha meza. Kisha saa ya kwanza ikapiga, zikaipokea nyingine, ukuta mzima ukalia mara nne. Mzee alisubiri mpaka ya mwisho kabisa iliponyamaza, akamgeukia mjomba, akakunja mikono.

"Haya," alisema, "tuambieni kilichowaleta."